VIAZI VYA ASUBUHI: VIKAUKE VIZURI, MTOTO ASIUNGUE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Ukurasa huu umezoea kukuzungumzia kofia ya kazi, viatu vya ncha ya chuma, vumbi la mawe na ngazi za kushukia shimoni. Leo tunaingia jikoni. Usishangae. Watu wazima wanaoletwa dispanseri wameumia mahali mbalimbali, lakini watoto walioungua tunaowapokea wametoka jikoni, na mara nyingi wanaletwa asubuhi, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Ndiyo saa ile baba anajitayarisha kwa posti ya kwanza, mama anaharakisha chakula, na mtoto mdogo amekwisha kuamka, anatembea nyuma ya kikwembe cha mama yake.

Kinachowaunguza ni kimoja kati ya viwili: maji ya chai au mafuta ya kukaangia. Maji ya chai tutayazungumza siku nyingine. Leo ni mafuta, kwa sababu akina mama wenyewe wameniletea neno hili kwa njia ya swali la chakula.

Tangu simu zenye picha zilipoenea kambini, wanakuja wakinionyesha chombo kimoja cheusi kama ndoo ndogo, chenye mkono mbele. Unatia viazi vilivyokatwa, unafunga, na baada ya dakika ishirini vinatoka vyekundu, vikavu, vinalia menoni kama vimetoka ndani ya mafuta mengi. «Mganga, kile chombo ni kizuri? Nimwambie shemeji aliye Bukavu atutumie?» Jina lake kwa Kiingereza wauzaji hulitamka eafraya. Sisi tukiite kikaango cha hewa.

Basi nitajibu swali lile, halafu nitaonyesha namna ya kupata viazi vilevile kwa makala na sufuria tulizo nazo.

KIKAANGO CHA HEWA NI NINI

Chombo cha namna hii kilichofungulia wengine njia kilitolewa sokoni na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 2010, kwa ubunifu wa Mholanzi mmoja aitwaye Fred van der Weij. Ndani yake hamna mafuta yanayochemka. Juu kuna waya unaowaka kama ule wa pasi ya umeme, kuna pangaboi dogo linalosukuma hewa kwa nguvu, na chini kuna kikapu chenye matundu ili hewa ile ipite pande zote za kiazi. Hewa inafika joto la digrii 200 hivi. Kusema kweli hakikaangi kitu. Ni furu ndogo, ndugu ya furu ya mikate, ila ina upepo ndani.

Ni kizuri? Ndiyo, kwa mtu mwenye umeme wa kutosha. Vingi vinaomba wati 1,400 mpaka 1,700. Zile jenereta ndogo zinazouzwa sokoni, za wati 650 au 950, zitazimika au zitaungua. Sahani ya umeme wa jua ya wati 100, hata jua la saa sita likiwa kali, ungehitaji kama kumi na tano za namna ile kwa chombo kimoja tu, na viazi vya asubuhi vinapikwa kabla jua halijatoka. Nyumba nyingi za Kasongo na za Kabambare hazina waya wa umeme ukutani. Kwa hiyo, mama, mwache shemeji atumie fedha ile kwa kitu kingine.

Kwa wale wanaokaa katika nyumba zenye umeme wa mashine kubwa, neno moja tu. Chombo cha wati 1,500 kwenye umeme wa volti 220 kinavuta karibu ampea 7. Ralonji nyembamba ya taa haiwezi kubeba mzigo ule kwa dakika ishirini. Ukigusa waya ukaukuta una moto, au kichwa chake kinanuka, chomoa mara moja. Usichomeke pasi na kikaango kwenye ralonji moja. Fundi wa umeme wa kambi atakueleza zaidi kuliko mimi.

Sasa tuache chombo, tushike akili yake.

KWA NINI KIAZI KINALIA MENONI

Watu wengi wanafikiri kwamba ni mafuta mengi yanayokausha kiazi. Sivyo. Kinachokausha kiazi ni joto kali linalofika ngozi yake yote baada ya maji ya ngozi ile kutoka. Katika kilo moja ya viazi vya Kizungu, vile ambavyo wengine huviita mbatata, karibu gramu 800 ni maji matupu. Maji yakichemka hayapiti digrii 100, na ngozi ya kiazi ikiwa bado na maji nayo haiwezi kupita hapo. Rangi nyekundu na harufu nzuri huanza kwa nguvu kama kwenye digrii 140. Ni kama kuni mbichi: zitatoa moshi na povu kwanza, moto hautashika mpaka maji yatoke.

Sufuria ya mafuta mengi inafanya kazi ile kwa sababu mafuta yanafika digrii 180 na yanagusa kiazi kila upande. Kikaango cha hewa kinafanya kazi ileile kwa hewa, na pangaboi linafukuza mvuke. Mafuta kidogo yanatakiwa pia, kwa sababu yanapeleka joto kwenye ngozi na kuleta ladha, lakini kidogo maana yake ni vijiko viwili vya supu kwa kilo moja ya viazi, si nusu bidoni.

Mama akishaelewa jambo hili hana haja tena ya sufuria ya mafuta yanayochemka saa kumi na moja asubuhi, pale chini kwenye mbabula, kwenye urefu wa kifua cha mtoto wa miaka miwili.

NAMNA YA KUVITENGENEZA

Jioni, menya viazi, uvikate vipande vya sentimita 2 hivi kila upande, vilingane, vinginevyo vidogo vitaungua kabla vikubwa havijaiva. Uvitie katika maji safi, ufunike. Maji yatatoa unga wa juu na sukari kidogo, na kesho havitagandana wala havitakuwa vyeusi upesi. Wengine huvichemsha kabisa jioni ile na kuviacha mpaka asubuhi. Mimi sishauri hivyo kwa joto la kwetu. Kiazi kilichoiva kikilala usiku kucha bila baridi kinaweza kuotesha vijidudu vya kuhara, na sumu ya vingine haitoki hata ukikaanga upya.

Asubuhi mwaga maji yale, tia maji mapya na chumvi kidogo, weka juu ya moto. Yakianza kuchemka, hesabu dakika 5 au 6. Kisu kiingie kwa urahisi pembeni, lakini katikati pawe bado pagumu kidogo. Mwaga maji kwa uangalifu, mvuke uende mbali na uso wako. Halafu fanya jambo ambalo watu wengi wanalisahau: rudisha sufuria juu ya makala dakika moja au mbili bila kifuniko, mvuke utoke. Itikise mara tatu nne. Pembe za viazi zitavunjika kidogo na kuwa kama zimepakwa unga. Unga ule ndio utakaokuwa ganda kavu.

Tia mafuta vijiko 2 kwa kilo, changanya polepole kwa mwiko.

Watu wakiwa wawili au watatu, kaango moja la chuma kizito linatosha. Lipashe moto likiwa kavu, mimina viazi vyako vilivyopakwa mafuta, uvitandaze viwe safu moja. Kaango likijaa mpaka viazi vinapandana, mvuke hauna pa kupita na umepika viazi vya kuchemsha mara ya pili. Usivikoroge. Viache dakika 5 bila kuvigusa, ndipo ugeuze. Anayekoroga kila dakika anavunja ganda kabla halijashika. Nimeliona kosa hili katika nyumba nyingi, na mama anayekoroga huwa anamlaumu muuza viazi.

Kwa nyumba yenye watoto sita, tengeneza furu ya sufuria. Chukua sufuria kubwa nzito, tia chini mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, weka vipande vidogo vitatu vya tofali lililochomwa, na juu yake sahani ya chuma isiyo na rangi. Usitumie mawe ya mto, kwani jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka likipata moto. Funika sufuria, ipashe juu ya makala dakika 10. Tandaza viazi katika sahani safu moja, funika, kisha palia makala juu ya kifuniko kama unavyopalia wali. Moto wa juu uzidi moto wa chini. Baada ya dakika 10 inua kifuniko kwa koleo, mvuke utoke, geuza viazi, funika tena. Dakika 25 kwa jumla zinatosha, pengine 30 kama makala ni mabichi. Vitunguu na pilipili utie mwishoni, katika dakika 5 za mwisho, kwa sababu vinaungua upesi kuliko kiazi.

Toa vikiwa na rangi ya dhahabu. Usingoje viwe kama kahawa. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya unga na viazi vikipata joto kali sana hutengeneza kitu kiitwacho akrilamaidi, na kadiri rangi inavyozidi weusi ndivyo kitu kile kinavyozidi. Katika wanyama wa majaribio kimeleta kansa. Kwa binadamu bado wanapima, lakini rangi ya dhahabu haikugharimu kitu, tena ladha yake ni bora.

Kwa mtu anayeshuka kazini, viazi peke yake ni chakula cha saa mbili. Weka pembeni maharage yaliyobaki, au karanga, au yai, au ndakala. Chumvi usizidishe, hasa kwa wazee wetu wenye ugonjwa wa damu kupanda.

MAFUTA YETU MEKUNDU

Hapa nataka kusimama kidogo. Maniema ni nchi ya mawese, na mawese mekundu ni dawa ya macho: rangi ile nyekundu ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Lakini wako wanaoyachemsha mpaka yawe meupe kwanza, ndipo wayatumie kukaangia, kwa sababu wanasema harufu inapungua. Yakifika weupe ule, vitamini imekwisha. Tena kazi ile ya kuyafanya meupe ndiyo hatari kuliko zote za jikoni, maana mafuta yanapelekwa mpaka karibu na kushika moto yenyewe, na mama anasimama juu yake akingoja.

Kwa viazi hivi huna haja ya kuyachemsha hata kidogo. Kijiko kimoja cha kupaka kabla ya moto, na kijiko kingine chekundu kabisa umwagie juu vikisha kutoka.

VYOMBO VISIVYOFAA

Sasa maneno yanayotuhusu sisi watu wa migodi kuliko watu wengine.

Katika Kabambare, na Kasongo vilevile, nyumba nyingi zina ndugu au mpangaji anayechimba dhahabu kwa mikono. Baadhi ya wachimbaji hushika dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma ule mchanganyiko ili zebaki iende hewani na dhahabu ibaki. Wanatafuta kitu cha kuchomea, na kaango la mama liko karibu. Mama, kaango lililochomewa dhahabu lisirudi jikoni. Halioshwi kwa sabuni, halioshwi kwa majivu, halioshwi kwa mchanga. Mvuke wa zebaki hauonekani na hauna harufu. Unaharibu ubongo, mishipa na mafigo, na mwenye mimba anampelekea mtoto aliye tumboni. Baba, kazi ile isifanyike ndani ya nyumba hata mara moja, hata kama mvua inanyesha, hata kama mnunuzi anangoja mlangoni.

Kwa sababu hiyohiyo, mchanga wa furu ya sufuria usitoke mahali pa kuoshea dhahabu. Chukua mchanga safi wa mbali na machimbo, uuoshe, uukaushe juani.

Kifuniko usikikate kutoka katika bati la nyumba. Bati limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe. Waulize wachomeaji wa vyuma wa garaji: wanaijua homa inayowashika usiku baada ya kuchomea bati, na baridi ya mwili, na kikohozi. Ndoo na mapipa yaliyoletwa na dawa za kiwanda hayafai kwa chakula, hata kama yameoshwa mara kumi na yana kifuniko kizuri. Najua yanapendwa.

Na mbabula ikae nje au chini ya baraza iliyo wazi. Mvua ikinyesha watu huiingiza chumbani na kufunga mlango, na baada ya kupika wanaiacha iwapashe watoto joto. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa gesi isiyonuka, monoksidi ya kaboni, ileile tunayoiogopa chini ya ardhi baada ya kulipua baruti. Shimoni kuna mtu wa kukuzuia usiingie kabla hewa haijasafishwa. Nyumbani hakuna. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, analala, na haamki.

VIAZI GANI, MIHOGO GANI

Viazi vya Kizungu havisitawi vizuri katika joto letu la chini. Vingi vinashuka kutoka milima ya Kivu, vinakaa siku nyingi njiani na juani sokoni. Kiazi kilichoona jua kinakuwa kijani. Kijani chenyewe si sumu, lakini kinaonyesha kwamba solanini imezidi, nayo ni sumu isiyokufa kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Inaleta maumivu ya tumbo, kutapika na kichwa kuuma. Kama kijani ni kidogo, kata kwa kina na uondoe macho yaliyoota. Kama kimeenea au kiazi kina uchungu, tupa. Nyumbani viweke gizani, penye hewa.

Lakini kwa nini tung'ang'anie mbatata ya bei kali? Viazi vitamu viko mashambani mwetu, na furu ya sufuria inavipenda. Vichemshe dakika 3 tu, maana ni laini, na uviangalie sana mwishoni, kwa sababu sukari yake inafanya viungue upesi. Vile vya rangi ya machungwa ndani vinaleta vitamini A pia. Ndizi za kupika zinakubali bila kuchemshwa. Hata wali uliobaki, ule ambao watu wa Kasongo wanaujua tangu siku za Tippu Tip na Waungwana walioupanda hapa, ukitandazwa katika kaango la moto na mafuta kijiko kimoja unatoa ganda tamu. Sharti uwe ulipikwa jioni sana, ulipoa upesi na haukulala penye joto.

Muhogo unahitaji uangalifu wa namna nyingine. Muhogo mtamu, menya, chemsha mpaka uive kabisa katika maji mengi, mwaga maji, kausha, kisha paka mafuta na uoke kama viazi: unalia menoni kuliko mbatata. Muhogo mchungu usifanye hivyo. Uchungu ule unatoka kwa sumu ya sianidi, na kukaanga hakuitoi. Lazima uloweke siku 3 au zaidi mpaka ulainike, ukaushwe juani, utwangwe, ndiyo njia waliyotuachia bibi zetu. Pale watu walipofupisha njia hii kwa sababu ya njaa, vita au haraka ya kuuza, ulitokea ugonjwa uitwao konzo: mtu anaamka asubuhi na miguu imekakamaa, na haiponi. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, na jina lenyewe ni la lugha ya Wayaka. Anayenunua muhogo mbichi sokoni bila kujua aina yake aumenye na kuonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Ukiwa mchungu, usiutie kaangoni.

KAMA MAFUTA YAMEKWISHA KUMWAGIKA AU KUWAKA

Najua wengine mtaendelea kukaanga mandazi na samaki kwa mafuta mengi. Mandazi hayana njia nyingine, na sitaki kuwanyima watu mandazi. Basi inueni mbabula juu ya kikalio cha tofali, mkono wa kaango ugeuzwe ndani, na mtu mmoja mkubwa awe na kazi moja tu ya kumshika mtoto.

Mwaka huu nilipokea mtoto wa kike wa miaka miwili. Mama alikuwa amegeuka kuchukua chumvi. Mtoto alishika ukingo wa sufuria ili asimame, kama watoto wote wanavyoshika kitu ili wasimame. Mafuta yalimwagika kifuani na mkononi. Jirani mwenye huruma akampaka dawa ya meno, mwingine akaongeza mawese na unga. Sisi tulitumia karibu saa nzima kuondoa vitu vile juu ya nyama mbichi, mtoto akilia, ndipo tukaona kidonda kilivyo. Alipona, lakini mkono wake haunyooki vizuri kwenye kiwiko.

Maji yanayochemka ni digrii 100. Mafuta ya kukaangia ni 180 au zaidi, tena yanashika ngozi, hayachuruziki upesi. Kwa hiyo dakika za kwanza ndizo zenye thamani. Mvue mtoto nguo iliyoloa mafuta, shanga na bangili, isipokuwa kitu kilichogandana na ngozi. Mimina maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20 kamili. Dakika 20 ni nyingi kuliko unavyofikiri, uangalie saa. Kama hamna bomba, tumia kopo na ndoo, watu wapokezane. Mwili mwingine umfunike asipate baridi. Kisha weka kitambaa safi juu bila kukaza. Malengelenge usiyapasue. Usipake dawa ya meno, yai, mawese, asali, majivu, udongo wala mkojo.

Mafuta yakiwaka ndani ya sufuria, usitie maji! Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanageuka mvuke mara moja, na mvuke huo unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yenyewe. Utarusha moto mpaka kwenye nyasi za paa. Usibebe sufuria kukimbia nayo nje. Telezesha kifuniko juu yake kutoka upande wako, uiache imefunikwa mpaka ipoe kabisa. Kifuniko kikae daima karibu na mkono wa kulia wa anayekaanga. Kama nguo imeshika moto, mlaze mtu chini, umviringishe.

Baada ya maji ya dakika 20, njooni. Watoto wadogo wote walioungua kwa mafuta waletwe, hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Mtu mkubwa aje kama kidonda kinazidi kiganja chake mwenyewe, au kiko usoni, mkononi, mguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri, au kama ngozi imekuwa nyeupe na haiumi, kwani pasipouma ndipo palipoungua sana. Walio mbali na kambi waende kituo cha afya cha karibu, wasingoje gari la kampuni. Eneo letu la Kasongo limeandikwa katika vitabu vya wauguzi wa nchi nyingi kwa ajili ya vituo vilivyopangwa tangu miaka ya 1970 pamoja na Chuo cha Tiba cha Antwerp, Ubelgiji, na shabaha yake ilikuwa hiyo: mgonjwa apate mtu wa kumtazama karibu na kwake.

Njiani mpe mtoto maji ya kunywa kidogo kidogo kama ana akili timamu na hatapiki. Kidonda cha moto kinaweza kuingiza pepopunda, kwa hiyo lete na kadi yake ya chanjo.